Mwanangu anaingia kambi ya wanamaji Marekani, nami niko Wete

SWALI

Assalamu alaykum,

Mimi ni mama wa watoto wanne, mkaazi wa Wete, Pemba. Kijana wangu wa pili alimaliza kidato cha sita, akashinda ile bahati nasibu ya viza ya Marekani, akaondoka mwaka 2023. Anakaa Columbus, Ohio, kwa mjomba wake, ndugu yangu wa tumbo moja. Ana miaka 22. Juzi ametupigia kutwambia amejiandikisha jeshi la wanamaji la huko, na baada ya wiki tatu anaripoti kambini.

Baba yake tangu siku hiyo hataki kusikia jina lake. Anasema hakumsomesha chuoni kwa mwalimu miaka yote ile ili aje avae gwanda la watu wengine, akapelekwe asikokujua kupigana na asiowajua. Mimi pia sikufurahi, lakini ni mtu mzima na sitaki aondoke na moyo mzito.

Tabu yangu ni kuwa sijui nifanye nini. Mjomba wake anasema akishaingia simu inachukuliwa na tutakaa wiki nyingi bila kumsikia. Kijana huyu hunipigia kila siku baada ya Isha. Nimesikia wanapigiwa makelele usiku kucha, wanatoswa majini, wanatiwa moshi. Tena ni mtu wa sala. Atasali vipi, na atakula nini? Bibi yake ambaye ndiye aliyemlea ana presha na sukari, na umri umekwenda. Likitokea la kutokea nitampata kwa njia gani? Nilitaka kumpelekea halua na vileja ajue hatujamsahau. Na nimeambiwa kuna gwaride la kuhitimu ambalo wazazi hualikwa. Nina fedha za karafuu za msimu uliopita. Nizitie kwenye tiketi?

Nielekezeni, maana hapa mtaani hakuna wa kumuuliza.

Mama wa Wete

JIBU

Waalaykum salaam, dada yetu.

Nguvu yenu kubwa iko ndani ya wiki hizi tatu. Akishaingia getini, kitakachomfikia kutoka kwenu ni karatasi, na simu chache ambazo saa yake haiko mikononi mwake wala mwenu. Kwa hivyo tunaanza na yasiyoweza kungoja, na la kwanza ni la baba yake.

Kwa sasa kijana wako yumo kwenye orodha ya wanaosubiri kuondoka. Anayesubiri anaweza kujitoa kwa kuwaandikia waandikishaji barua, bila kesi wala deni, hata kama mwandikishaji atamnunia na kumtia maneno. Mambo hubadilika siku ya safari, anapokula kiapo cha mwisho. Kuanzia hapo ni mwanajeshi. Mkataba wa kwanza kwa jumla ni wa miaka 8, na kwa wengi miaka 4 au zaidi ya hiyo ni ya utumishi wa kila siku na iliyobaki ni ya akiba. Kutoka kabla ya muda si jambo la kuaga na kufunga begi. Mwambie mumeo hivyo, kwa maneno hayo hayo: kama ana la kusema, alisemee wiki hizi. Na swali lake la kupelekwa vitani si la kipuuzi. Mwanajeshi hachagui pa kupelekwa. Kijana ajiulize hilo mwenyewe, amuulize na shekhe anayemuamini, kabla ya kiapo. Akishamaliza kuamua na akaondoka, mjadala huo ufungwe, wala usimfuate kambini ndani ya bahasha. Huko hana la kuufanyia.

La pili ni afya, na hapa mama ana khabari ambazo jeshi halina. Kabla ya kuapishwa na tena siku za mwanzo kambini ataulizwa historia yake ya maradhi. Waandikishaji wengine humwambia kijana "sema huna kitu". Asiwasikilize. Kuficha maradhi ili uandikishwe ni kosa, na kwa mwenye kadi ya ukaazi ambaye bado si raia, ni kosa linaloweza kumharibia mengine. Kaa naye kwenye simu mkumbushane: alipata pumu, na kama alipata, ya mwisho ilikuwa na umri gani? Alivunjika wapi? Dawa gani ilimdhuru? Penisilini iulizwe peke yake, kwa sababu makuruta wengi huchomwa sindano nzito ya penisilini ya kukinga maradhi ya koo na kifua, na mwenye mzio nayo lazima aseme kabla.

Kuna mambo matatu yanayowahusu zaidi watu wa pwani yetu. Kama kwenye ukoo kuna selimundu, hata kwa binamu, ajue. Wanamaji huwapima makuruta damu kwa hilo, na mwenye kubeba chembe yake bila kuumwa kwa kawaida huendelea na mafunzo, ila anatakiwa kunywa maji vizuri na kusema mapema akihisi misuli inakakamaa au pumzi inapungua wakati wa mbio. Hupimwa pia upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao umeenea zaidi kwenye nchi za malaria na hufanya baadhi ya dawa zivunje chembe za damu. Majibu yakionesha anao, si mwisho wa safari. Ayakariri tu na amtajie kila daktari. La tatu ni kovu la begani. Kwetu mtoto huchanjwa BCG akiwa mchanga, na chanjo hiyo inaweza kuufanya mkono uvimbe kwenye kipimo cha ngozi cha kifua kikuu. Aseme mapema kwamba alichanjwa, na aombe kipimo cha damu badala ya kile cha ngozi. Kama kadi yake ya kliniki bado ipo kabatini, ipige picha pande zote mbili umtumie.

Majina sasa, maana hapa ndipo barua za Wazanzibari zinapopotelea. Sisi tunaandika jina langu, la baba, la babu. Kwenye makaratasi ya Marekani jina la mwisho ndilo la ukoo, na kambini ataitwa kwa hilo tu. Kwa hivyo kijana wako ataitwa kwa jina la babu yake kutoka asubuhi hadi usiku, na barua yake itapangwa kwa herufi ya babu yake. Mwambie akutumie jina lake kama lilivyo kwenye mkataba, herufi kwa herufi, uliandike hivyo hivyo kila mara. La nyumbani lisikaribie bahasha. Mueleze pia aandike jina lako kamili, kama lilivyo kwenye pasipoti au kitambulisho chako, katika fomu ya watu wa kuarifiwa wakati wa dharura na katika fomu ya bima ya maisha. Bima hiyo hutolewa kwa wanajeshi wote wasioikataa, na tangu 2023 kiwango chake cha juu ni dola 500,000. Jina la mama lililokosewa linaweza kuwasumbua warithi miaka. Namna ya kuigawa kwa mujibu wa mirathi ni suala la kumuuliza kadhi au shekhe. Muhimu aliulize kabla hajajaza fomu saa nane za usiku akiwa hajalala.

Aende na vitu vichache: kadi ya ukaazi ya asili, kadi ya hifadhi ya jamii, leseni, karatasi ya benki yenye namba ya akaunti ya kupokelea mshahara, kumbukumbu za chanjo, na msahafu mdogo. Juu ya yote achukue karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono yenye anwani ya mjomba na namba za simu zenu, namba ya Pemba ikianza na 011-255. Vijana wa leo hawana namba hata moja kichwani, na simu inapofungiwa kabatini namba zote zinafungiwa nayo.

Kuhusu mwili, wiki tatu hazitoshi kumjenga mtu, ila zinatosha kumuumiza. Asianze leo kukimbia kilomita kumi. Mtihani wao ni mbio za maili moja na nusu, yaani kilomita 2.4, pamoja na kupiga pushapu na kujikaza kwa viwiko na ncha za vidole, mwili umenyooka kama ubao. Kiwango kilichowekwa mwaka 2018 kwa mbio za mwanzo kilikuwa dakika 16 na sekunde 10 kwa wanaume. Akimbie umbali huo mara tatu kwa wiki, apumzike siku katikati. Anayeongeza mbio kwa pupa hupata maumivu ya mfupa wa muundi, na kambini huishia kwenye magongo.

Kuogelea ndiko kunakowakwamisha wengi, nako husahauliwa. Kila kuruta lazima aruke kutoka juu kwenye maji ya kina, aogelee yadi 50, sawa na mita 45 hivi, kisha aelee kifudifudi kwa dakika 5, na ajue kuijaza nguo hewa imsaidie kuelea. Asiyejua hufundishwa, lakini asiyefaulu hahitimu. Usijipe moyo kwa kuwa amekulia bandarini. Maji ya chumvi humbeba mtu kuliko maji ya bwawa yasiyo na chumvi, na kijana aliyezoea kupiga mbizi na kuibuka huona tabu kulala juu ya maji kimya, uso ndani, akiinua kichwa kuvuta pumzi na kurudi. Kinachomwangusha ni kuharakisha: anainua kifua chote badala ya mdomo, miguu inazama, anaanza kupapatika. Columbus kuna mabwawa ya umma. Aende mara tatu au nne kwa wiki afanye jambo hilo moja tu la kuelea, hadi limchoshe kwa kumzoea.

Sasa uyajue yatakayotokea, ili yasikutishe. Kambi iko Great Lakes, jimbo la Illinois, kando ya Ziwa Michigan, kaskazini ya Chicago. Ndiyo kambi pekee ya makuruta wa wanamaji wa Marekani tangu zile za Orlando na San Diego zilipofungwa miaka ya 1990. Tangu Januari 2025 mafunzo ni ya wiki 9. Zamani yalikuwa 10. Atafika na ataambiwa akuarifuni. Itakuwa sekunde chache, sauti kavu, kama mtu anayesoma: nimefika salama, mtapata anwani. Usimwite jina mara tatu, usilie, usimuulize amekula nini. Jibu "alhamdulillahi, tunakuombea", basi.

Baada ya hapo kimya. Usiku wa kwanza karibu hawalali: kunyolewa, kupimwa, kuchomwa sindano, kupewa nguo. Kelele ni kweli zipo, na zina kazi yake. Wakufunzi wanataka mtu afuate amri akiwa amechoka na amechanganyikiwa, kwa sababu moto ukiwaka ndani ya chombo hakuna wa kumtuliza. Kupigwa kumekatazwa. Moshi uliousikia ni gesi ya machozi: wanaingia chumbani na vinyago, wanavivua, wanakohoa na kutokwa na makamasi dakika chache, wanatoka. Hujifunza pia kuzima moto, kufunga kamba na mafundo, bunduki, na kwata isiyokwisha. Bweni lao huitwa meli, sakafu huitwa deki, na divisheni moja ina watu kama 80 wanaoadhibiwa pamoja mmoja akikosea. Hilo la mwisho ndilo linalowaliza vijana kuliko mbio.

Huenda likafika boksi kwa mjomba lenye nguo alizoondoka nazo. Kwetu nguo za mtu zikirudi bila mwenyewe zina maana yake, na tunajua litakavyokuchoma. Huko ni utaratibu wa kawaida wa kila siku, kwa kuwa nguo za kiraia hazina mahali pa kuwekwa. Mwambie ndugu yako mapema alifungue mwenyewe na asikurushie picha.

Barua yake ya kwanza itakuwa mbaya. Huandikwa wiki ya kwanza, na ikifika nyumbani siku nyingi zimeshapita. Itasema nimekosea, niombeeni, nataka kurudi. Tazama tarehe juu ya karatasi kabla hujaisoma mara ya pili. Aliyeandika maneno yale keshalala, keshazoea kula kwa dakika chache, keshapata wenzake wawili watatu. Usimjibu kwa "rudi", wala kwa "vumilia usitutie aibu". Mjibu kwamba umeisoma, umemuelewa, na kwamba leo mmefanya hili na lile.

Namna ya kumwandikia ni hii. Ukitia barua posta ya Wete, kozi inaweza kumalizika ikiwa njiani. Andika kwa mkono wako, karatasi moja pande zote mbili, uipige picha kwenye mwanga mzuri, umtumie mjomba kwa WhatsApp. Yeye aichapishe, aitie kwenye bahasha nyeupe tupu na kuiweka posta ya huko. Iko pia programu ya simu iitwayo Sandboxx, inayochapisha barua na picha na kuzifikisha kambini, na huweka ndani bahasha ya kujibia. Hiyo aishughulikie mjomba, bahasha ya majibu iwe na anwani yake. Kwenye bahasha mstari wa kwanza ni SR (Seaman Recruit, yaani kuruta), kisha jina la ukoo, kisha lake. Wa pili ni meli na namba ya divisheni. Halafu mtaa, na mwisho Great Lakes, IL 60088. Bila meli na divisheni barua huzurura, kwa hiyo msitume kitu kabla hajawapa anwani hiyo. Lakini msingoje kuandika. Anza wiki hii. Ziwe tatu tayari mikononi mwa mjomba, ili siku anwani inapofika ziondoke moja baada ya moja. Weka namba pembeni, 1, 2, 3, kwa sababu hufika zimepindukana.

Andika mambo madogo: pweza leo bei gani sokoni, nani ameoa, mvua imeharibu karafuu zilizoanikwa au imeziacha, timu gani imefungwa Gombani. Kiswahili hakina tatizo. Barua mbili kwa wiki zinatosha. Usiandike vipimo vya presha vya bibi yake, madeni, wala ugomvi wa baba. Na mzee, hata kama hajaridhika, aandike mstari mmoja kwa mkono wake mwenyewe chini ya barua ya kwanza. Salamu tu. Kijana atautafuta mwandiko ule kabla hajasoma neno lako.

Halua na vileja hapana. Chakula kutoka nje hakiruhusiwi. Hutupwa, na mwenyewe huweza kusimamishwa mbele za watu kwa ajili yake. Bahasha usiifukize udi wala usitie asumini ndani, ingawa mkono utakuwasha. Chochote kinachonukia au chenye rangi humvutia macho asiyoyahitaji. Picha mbili tatu za heshima, ndiyo.

Simu atapewa mara chache na kwa dakika chache, siku wanayoamua wakufunzi, na divisheni ikiadhibiwa inaweza kuahirishwa. Apige kwa mjomba. Mjomba awe na simu ya pili ya kukuunganisha wewe kwa WhatsApp, aziweke mdomo kwa mdomo kwa spika. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa 8 majira ya joto na saa 9 majira ya baridi. Akipiga saa sita mchana ya huko, Wete ni saa mbili au saa tatu za usiku. Akipiga jioni, kwako ni alfajiri. Simu isizimwe, na mjomba asikatae namba asiyoijua.

Sala. Kambi ina makasisi wa jeshi na nafasi ya ibada kwa dini mbalimbali, Waislamu wakiwemo. Jumapili asubuhi makuruta hupata saa chache za ibada, kufua na kuandika barua. Siku za kazi ratiba haisimami kwa ajili ya adhana, basi amuulize shekhe sasa namna ya kukusanya sala na kusali pale pasipo na nafasi, aende anajua. Akifika, ajitambulishe kuwa Muislamu kwenye fomu na amtafute kasisi wa zamu mapema. Huyo ndiye mlango wa maombi yote ya dini, hata kama haswali naye. Bwalo hutoa vyakula vya aina mbalimbali, hivyo nguruwe ataweza kumkwepa, lakini nyama ya halali hawaahidi. Kuna mayai, wali, maharage, mboga na matunda. Akisubiri kuuliza kila sahani, dakika za kula zitamalizika. Ndevu zitanyolewa. Anayetaka ruhusa ya dini katika jambo la mwili au mavazi huandika ombi na kujibiwa kwa maandishi, na ahadi ya mdomo ya mwandikishaji haina uzito. Kama kozi yake itaangukia Ramadhani, asiache kula na kunywa kimyakimya. Anayezimia gwarideni kwa kiu hupelekwa hospitali na huweza kurudishwa nyuma kwenye mafunzo.

Kuhusu bibi. Usipige kambini. Njia ni Msalaba Mwekundu wa Marekani, namba 1-877-272-7337, saa 24, apige mjomba. Wao huthibitisha kwanza na daktari au hospitali, ndipo ujumbe unapelekwa kwa wakuu wake. Watauliza jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa, jeshi na cheo, namba yake ya hifadhi ya jamii, meli na divisheni. Kisha jina la mgonjwa, uhusiano, hospitali na simu ya daktari. Andikeni yote hayo kwenye karatasi moja, abaki nayo mjomba. Wewe kwa upande wako muombe daktari anayemtibu bibi, hospitali ya Wete au ya Abdalla Mzee, barua fupi ya Kiingereza yenye majina, maradhi na namba ya simu inayopokelewa.

Ujumbe ni khabari, hauleti likizo wenyewe. Wanaoamua ni wakuu wake. Wazazi, mke, watoto na ndugu ndio huhesabiwa wa karibu. Bibi huhesabiwa pale anapokuwa ndiye aliyemlea mahali pa wazazi, na kwa kijana wako ndivyo, basi hilo litajwe mstari wa kwanza wa ujumbe. Hata akiruhusiwa, nauli kwa kawaida ni yake, safari kutoka Chicago hadi Pemba ni zaidi ya siku nzima, na sisi maiti hatuiweki. Hawahi maziko. Akirudi kambini ataingizwa divisheni ya nyuma aendelee pale alipoachia. Muulize sasa, bila kuzunguka: likitokea, unataka uambiwe siku ile ile au ukimaliza? Jibu lake ndilo lifuatwe na nyumba nzima, na amri moja ipite kwa shangazi na binamu: hakuna atakayemwandikia msiba kabla ya mjomba kusema.

Kurudishwa nyuma nako si fedheha. Jeraha, homa ya kifua inayozunguka mabweni, kufeli maji au mbio, vyote humhamisha mtu divisheni, na tarehe ya kuhitimu husogea. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kutokununua tiketi. Ya pili ni viza. Tangu Januari 2026 Marekani imesitisha viza za matembezi kwa Watanzania, isipokuwa wachache. Hata kabla ya hapo ilibidi kwenda ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, kulipa dola 185 ambazo hazirudi hata ukikataliwa, na mwaliko wa gwaride haukumlazimisha mtu wa dirishani kukupa. Fedha za karafuu ziache zilipo. Mjomba aende, jina lake liwe kwenye orodha ya wageni ambayo kijana mwenyewe huiandikisha. Nyinyi mtalitazama gwaride moja kwa moja kwenye mtandao, kwenye kurasa za kambi hiyo. Likianza saa tatu asubuhi kwao, kwenu ni saa kumi na moja jioni, au saa kumi na mbili wakati wa baridi yao. Nunueni bando la kutosha. Kumtambua itakuwa kazi, wote wamevaa sawa, kwa hivyo muulizeni mjomba namba ya bendera ya divisheni.

Kabla ya hapo huwa na mtihani mkubwa, usiku mzima wa saa 12 ndani ya meli ya kuigiza iitwayo USS Trayer, iliyojengwa ndani ya jengo. Moto, mafuriko, majeruhi wa bandia. Baadhi ya mambo yametolewa kwenye ajali za kweli, ikiwemo mlipuko wa manowari ya USS Cole pale Aden mwaka 2000. Asubuhi yake huvua kofia iliyoandikwa kuruta na kuvalishwa ya wanamaji. Simu inayofuata baada ya hapo ndiyo utakayoisubiri kwa furaha.

Jambo la uraia msilifanye kwa haraka. Wanajeshi wenye kadi ya ukaazi huweza kuomba uraia wa Marekani mapema na bila ada, na atahimizwa, kwa sababu kazi nyingi za siri hawapewi wasio raia. Lakini Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, na anayechukua wa kwingine kwa hiari yake hupoteza wa kwetu. Shamba la mikarafuu la babu, haki ya Mzanzibari mkaazi, kura, yote yazungumzwe nyumbani kabla hajatia saini.

Mwisho ni fedha. Kuruta hulipwa mara mbili kwa mwezi. Kabla ya makato ni zaidi ya dola 2,000 kwa mwezi, na mwanzoni hukatwa za sabuni, viatu vya mbio, kunyolewa na mahitaji mengine aliyopewa kwa kadi. Hana namna ya kutuma akiwa kambini, kwa hivyo msimpangie. Na mtu akikupigia kusema kijana ameumia, au likizo yake inahitaji kulipiwa, au kiti cha gwaride kinauzwa, tumeni kwa namba hii ya simu, kata. Jeshi halimtozi mzazi chochote. Mpigie mjomba, yeye ndiye atakayejua, na familia nzima ijue hivyo, hasa wale binamu wanaoweka kila kitu Facebook: jina lake, meli yake na divisheni yake visiandikwe huko.